Ma: jina la herufi mbili linalokataliwa na fomu zetu

Wasomaji wangu, leo naomba tuziweke kando simu mpya na matoleo mapya ya Linux, tuzungumze kuhusu jina la watu. Jina lenyewe ni Ma. Kwa Kichina huandikwa 马, maana yake ni farasi, na ni jina la ukoo la watu wapatao milioni 17 nchini Uchina. Hesabu ya mwaka 2013 ililiweka katika nafasi ya 13 miongoni mwa majina ya ukoo ya nchi hiyo. Kwa kulinganisha tu, sensa yetu ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Yaani ukiwakusanya wenye jina hili peke yao, wanazidi theluthi moja ya Kenya nzima.

Sasa, ukiwa hapa Nairobi na jina hilo, ziko fomu za mtandaoni zitakazokuambia kwamba huna jina.

Mwaka jana niliitwa nikague mfumo wa kampuni moja inayopangisha nyumba huku kwetu Karen. Kampuni siitaji, na wala si ya ajabu, ziko nyingi za aina hiyo. Mpangaji wao mmoja, mwalimu wa lugha ya Kichina, alikuwa amejisajili mwenyewe alipohamia. Kila alipoandika Ma kwenye kisanduku cha jina la ukoo, maandishi mekundu yalitokea: weka angalau herufi tatu. Akajaribu tena na tena. Mwisho akaandika "Maa", fomu ikakubali, akalipa amana ya miezi miwili na maisha yakaendelea. Mkataba ulipokwisha akadai amana yake. Mhasibu akalinganisha jina lililo kwenye mfumo na lile la kwenye pasipoti, akasema huyu si mtu yule. Pesa zikakaa wiki sita. Hebu fikirieni: mfumo unamlazimisha mtu kuandika uongo, halafu mfumo huohuo unamkamata kwa uongo aliouandika.

Nilipofungua msimbo nikakuta ni mstari mmoja tu ulioleta balaa hilo. Aliyeuandika alikuwa na Otieno, Wanjiku, Mutua na Kiprono kichwani, akaona mtu mwenye herufi mbili bila shaka anacheza. Kwa masikio yetu Ma kweli hailiki kama jina. Ni kiambishi cha wingi, jicho, macho, au ni mwanzo wa neno ambalo halijamalizika. Kurekebisha kulichukua dakika mbili. Lakini mimi nasema tatizo haliishii kwenye ile tatu, na historia ya jina hili inaonyesha kwa nini.

Wachina huanza na jina la ukoo, kisha jina la mtu. Mtu tunayemjua kama Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba (1999), kwao ni Ma Yun. Alipokuja Nairobi Julai 2017 na kuzungumza Chuo Kikuu cha Nairobi, magazeti yetu yaliandika Jack Ma, na hakuna aliyekosea, kwa sababu mwenyewe amejigeuza hivyo kwa ajili yetu. Mwenzake wa Tencent, Ma Huateng, anajulikana kwa Kiingereza kama Pony, yaani farasi mdogo. Ni utani juu ya jina la ukoo.

Asili yake inayosimuliwa zaidi ni hii. Karibu mwaka 270 Kabla ya Kristo, enzi ambazo Uchina ilikuwa falme zinazopigana, jemadari mmoja wa ufalme wa Zhao, Zhao She, aliwapiga majeshi ya Qin mahali paitwapo Yanyu. Mfalme akamtunuku cheo cha Bwana wa Mafu. (Najua, kwa Kiswahili neno hilo lina sura mbaya. Na kweli, mwaka 260 mwanawe aliongoza jeshi la Zhao kwenye vita vya Changping na kulimaliza.) Wazao wakaacha jina la Zhao, wakajiita kwa kile cheo, Mafu, kisha wakakikata kikabaki Ma. Kwa hiyo jina la ukoo ambalo sasa lina zaidi ya miaka 2,000 lilianza kama cheo cha mtu mmoja aliyekuwa tayari na jina jingine.

Kama hilo linakushangaza, angalia nyumbani. Rais wetu wa kwanza alizaliwa akiitwa Kamau wa Ngengi. Kenyatta ni jina alilojipa akiwa kijana mjini, na huhusishwa na mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa. Mwanawe, aliyekuwa rais wa nne, ni Uhuru Kenyatta. Kizazi kimoja tu, na mkanda umekuwa ukoo. Wazao wa Zhao She walifanya vivyo hivyo, ila wao walikuwa na makarani wa kuwaandika.

Lakini hiyo ni asili moja, na hapa ndipo jina hili linanivutia. Ma wengi wa kaskazini-magharibi na kusini-magharibi mwa Uchina hawana uhusiano wowote na yule jemadari. Ni Wahui, Waislamu ambao mababu zao walitoka Uajemi, Uarabuni na Asia ya Kati, wengi wao enzi za Wamongolia. Walipoishi ndani ya nchi ambayo kila mtu lazima awe na jina la ukoo la silabi moja au mbili, majina yao marefu yalikatwa. Muhammad na Mahmud yakabaki Ma. Wahui husimulia kwamba wazao wa Nasr al-Din wa Yunnan waligawana jina la babu yao kama watu wanaogawana shamba, wengine wakachukua Na, wengine Su, wengine La, wengine Ding. Leo Ma ndilo jina la ukoo lililoenea zaidi miongoni mwa Waislamu wa Uchina. Wababe wa kivita waliotawala Qinghai, Gansu na Ningxia kabla ya 1949 walikuwa akina Ma watupu.

Yaani 马 ya mwalimu wetu wa Karen inaweza kuwa cheo cha jemadari au inaweza kuwa Muhamadi aliyekatwa. Herufi ni ileile, asili mbili tofauti kabisa. Ukimwona tu kwenye orodha huwezi kujua.

Na hawa Ma hawakubaki kwao. Mwaka 1371 huko Yunnan alizaliwa mtoto wa Kihui aitwaye Ma He. Baba yake aliitwa Ma Haji, kwa kuwa alikuwa amehiji Makka. Majeshi ya Ming yalipoiteka Yunnan mtoto yule alichukuliwa, akahasiwa na kupelekwa kumtumikia mwana wa mfalme. Yule mwana wa mfalme akanyakua kiti cha enzi, akawa mfalme Yongle, na mwaka 1404 akamtunuku mtumishi wake jina jipya la ukoo: Zheng. Huyo ndiye Zheng He, amiri wa zile safari saba kubwa za mwaka 1405 hadi 1433, ambazo baadhi yake zilifika pwani yetu. Mkalimani na mwandishi aliyeacha maelezo ya safari hizo, Ma Huan, naye alikuwa Mwislamu mwenye jina hilohilo.

Watoto wa shule hapa Kenya wanajua kisa cha twiga aliyepelekwa Uchina kutoka Malindi mwaka 1415. Jambo ambalo halisimuliwi sana ni namna walivyoliandika jina la mahali penyewe. Kumbukumbu za Ming zinaandika 麻林, Malin, na wanahistoria wengi wanaisoma kuwa Malindi. Hiyo 麻 inatamkwa Ma lakini si farasi, ni katani, mmea wa kamba. Na sikilizeni: hiyo nayo ni jina la ukoo la watu, ingawa ni wachache. Kichina cha leo huandika Malindi kwa 马, farasi. Kwa herufi za Kilatini zote mbili ni Ma. Kwa hiyo ukiwa na safu ya "Ma" kwenye hifadhidata yako usidhani una ukoo mmoja.

Kinyume chake pia kipo. Farasi huyohuyo mmoja, akitamkwa na Mchina wa Malaysia mwenye asili ya Hokkien, huandikwa Beh. Wengine huandika Mah. Ndugu wa damu wanaweza kuwa Ma mmoja na Beh mmoja kwenye pasipoti mbili, kutegemea karani wa siku ile alisikia nini.

Tuje Pate sasa. Wazee wa Siyu na vijiji vya jirani kule Lamu wanasimulia kwamba jahazi la Kichina lilivunjika karibu na Shanga, mabaharia wakaogelea hadi ufukweni, wakasilimu na kuoa. Simulizi nyingine huwahusisha Wafamau wa Siyu na mabaharia hao. Mwaka 2005 msichana mmoja wa kisiwani alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uchina kwa sababu ya nasaba hiyo. Vyombo vya habari vya dunia nzima vikashuka Lamu na kamera zao.

Ushahidi wa biashara upo mwingi. Vipande vya kauri za Kichina viko Gedi, Mambrui, Shanga kwenyewe. Mwaka 2013 wachimbuaji walipata kisiwani Manda sarafu ya utawala wa Yongle, bwana wake Zheng He. Lakini wale wanaosema Shanga limetoka Shanghai waache. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga miaka ya 1980, akaonyesha kwamba mji ulianza karne ya 8, miaka 600 na zaidi kabla ya Zheng He kuzaliwa.

Mimi si mwanahistoria. Ila kama mtengenezaji wa programu nina swali moja: jina la ukoo liko wapi? Kama mabaharia wa Ming waliishi na kuzaa Pate, mbona hakuna Ma hata mmoja, wala Zheng, wala Wang, katika nasaba za Siyu?

Wengine huchukua hilo kuwa ushahidi kwamba hawakuwapo. Mimi naona halithibitishi lolote. Tuseme baharia mmoja wa Kihui aitwaye Ma fulani alifika ufukweni. Kwao tayari alikuwa na jina la Kiislamu la nyumbani. Wenyeji wangemuuliza jina, angesema Muhamadi au Yusufu. Angemzaa Ali. Ali angeitwa Ali bin Yusufu. Mtoto wa Ali angeitwa Omari bin Ali. Katika vizazi viwili ile Ma imekwisha, bila mtu yeyote kuificha wala kuionea haya. Pwani koo zipo, Mazrui, Nabhany na wengine, lakini koo hizo hubebwa na watu waliokuja na nasaba yao au walioijenga pale. Baharia aliyeokoka na nguo yake ya kiunoni hana nasaba ya kuonyesha. Mfumo wa majina wa pwani haukuwa na kisanduku cha kuiweka Ma.

Na kama jina lake lilikuwa Muhamadi aliyekatwa, basi pale Siyu lilirudi likawa zima.

Hapo ndipo napata hoja yangu. Jina la ukoo ni matokeo ya daftari. Wachina walikuwa na daftari mapema sana, likawagandishia majina. Hata orodha yao maarufu ya enzi ya Song, Majina ya Koo Mia, inaanza na Zhao kwa sababu Zhao ndilo lilikuwa jina la wafalme wa wakati huo, wala si kwa kuwa ndilo lenye watu wengi. Siasa ndani ya orodha, tangu zamani.

Hata jina la mtaa wetu lina kisa cha aina hii. Karen ni jina la kwanza la mwanamke wa Kidenmark. Wengi husema ni Karen Blixen, aliyekuwa na shamba la kahawa hapa tangu 1914 hadi 1931. Vitabu vyake vya Kiingereza alivitoa kwa jina la Isak Dinesen, na Dinesen ni jina la kwao alikozaliwa. Dinesen maana yake mwana wa Dines. Denmark nayo walikuwa wakiitana kama pwani yetu, fulani mwana wa fulani, jina likibadilika kila kizazi, hadi amri ya serikali ya mwaka 1828 ilipowataka wagande na jina moja. Wakaganda. Ndiyo maana Denmark imejaa watu wenye majina ya "mwana wa" mtu aliyekufa zamani.

Sisi tuko katikati ya kuganda. Baba yake Rais Moi aliitwa Kimoi arap Chebii, naye mwenyewe ni Daniel arap Moi, yaani mwana wa Moi. Jina la mwisho la baba na la mwana havifanani kabisa, na kwa desturi ya Wakalenjin hakuna kasoro hapo. Fomu ya leo ingesema hawa si wa ukoo mmoja. Watoto wa Moi sasa ni akina Moi, kama Wadenmark. Nani aliamua? Hakuna aliyekaa kikao. Ni fomu za shule, za kitambulisho, za pasipoti, na sasa zile tunazoandika mimi na wewe.

Kwa hiyo ninapomwona mwenzangu anaunda jedwali lenye jina la kwanza, la kati na la ukoo, yote matatu ya lazima, naona mtu anayefanya kazi ya ile amri ya Denmark bila kujua. Mchina hana jina la kati. Msomali ana jina lake, la baba na la babu, na hakuna hata moja linaloitwa la ukoo. Mtu wa Lamu anapoulizwa "ukoo" anaandika jina la baba ili mashine inyamaze.

Najua jibu la wateja, nimelisikia mara nyingi: tunahitaji jina la ukoo ili tumtafute mtu haraka na tusimrudie mara mbili. Basi twende Uchina tena tuone. Majina matano ya juu, Wang, Li, Zhang, Liu na Chen, yamebebwa na karibu asilimia 30 ya watu wote. Jina kamili la Zhang Wei, kwa hesabu ya 2007, lilikuwa na watu karibu 290,000. Ukiandika programu inayounganisha rekodi kwa kuwa majina yanafanana, utamlipia Zhang Wei mmoja deni la mwingine. Na usidhani ni mambo ya mbali, kwani hata hapa kina Mohamed Ali na John Mwangi ni wangapi? Jina halifai kuwa ufunguo wa hifadhidata. Weka namba yako mwenyewe isiyo na maana yoyote, na jina libaki kuwa jina.

Mimi nafanya hivi, na sijapata hasara. Kisanduku kimoja cha jina kamili, kama lilivyo kwenye hati ya mtu. Cha pili, si cha lazima: tukuiteje? Mwalimu Ma ataandika "Mwalimu Ma", na barua pepe haitamsalimia kwa jina ambalo mama yake pekee ndiye hulitumia. Urefu wa chini ni herufi moja. Kama sheria inadai jina la ukoo litengwe, kwa mfano kwa sababu ya pasipoti, basi uliza "kama lilivyoandikwa kwenye pasipoti" na uruhusu liwe tupu.

Kuhusu herufi zenyewe, tumieni UTF-8 na msiibanie. Wanaotumia MySQL wajue kwamba ile inayoitwa "utf8" kwa muda mrefu ilibeba baiti tatu tu kwa herufi, na baadhi ya herufi adimu za majina ya Kichina zinahitaji nne. Chagueni utf8mb4. Wachina wenyewe waliumwa na nyoka huyu: kiwango chao cha kompyuta cha mwaka 1980 kilikuwa na herufi za Kichina 6,763, na herufi moja ya jina la Zhu Rongji haikuwamo. Huyo alikuja kuwa waziri mkuu wa nchi, 1998 hadi 2003, na wachapaji wa magazeti walilazimika kuitengeneza kwa njia za panya. Kama waziri mkuu alipata shida hiyo, mpangaji wa kawaida atamlilia nani?

Ile kampuni ya Karen ilikubali kuondoa sharti la herufi tatu. Kuhusu kuunganisha visanduku vya majina walisema watafikiria, kwa sababu programu ya uhasibu iliyo nyuma yake inataka jina la ukoo, na aliyeiandika alihama nchi. Amana ililipwa, baada ya mwalimu kuandika barua na kuipeleka kwa wakili kuapa kwamba Ma na Maa ni mtu mmoja. Kiapo chenyewe alikilipia yeye.